Michembe Kwenye Chupa Mbili

Maneno haya, kuhusu ngozi kavu ya kiangazi, niliyasema mwezi wa Agosti kwa akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Tabora mjini, chini ya mwembe. Baadhi yao waliomba yaandikwe ili wawasomee waliobaki nyumbani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, nikaondoa tu pale niliporudia.

Mwangaluka, akina mama. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na ninyi akina baba watatu mliojibanza nyuma ya shina la mwembe, nimewaona. Sogeeni mbele, magaga, hizi nyufa za visigino, hayachagui jinsia.

Kabla ya yote naomba chupa hizi mbili zizunguke. Jana jioni nilichota michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kiroba kimoja, ya shamba moja, iliyoanikwa jua moja. Nusu nikaitia kwenye chupa ya mafuta ya alizeti, nusu kwenye chupa ya maji, nikaenda kulala. Mama wa kitenge cha njano, hebu toa kipande cha kwenye mafuta ukipinde. Mmesikia? Kah! Kimekatika kama kijiti. Sasa mpe jirani yako atoe cha kwenye maji. Kinapinda, kinalegea, kimeshajiandaa kuingia chunguni.

Hotuba yangu yote imo kwenye chupa hizo. Mwenye haraka ya kwenda kuinjika ugali anaweza kuondoka na hilo tu, asiwe amepoteza safari.

Mwaka 1952, kule Boston, Marekani, mtafiti mmoja aitwaye Irvin Blank alifanya jambo hilihili. Masikini hakuwa na michembe. Alichukua vipande vya sugu, ile ngozi ngumu ya unyayo, iliyokauka hadi ikawa inavunjika. Akaitumbukiza kwenye mafuta ya namna namna. Ikakaa humo muda mrefu, ikatoka ngumu vilevile. Akaitia maji, ikalainika. Kinacholainisha ngozi ni maji. Mafuta yana kazi yake, nitaifikia, lakini kazi hiyo si kulainisha kitu kilichokwisha kukauka.

Sasa tujiangalie. Ikifika mwezi wa saba, upepo ukianza kuvuma na vumbi lake jekundu, mtu anaamka amepauka miguu na mikono kama aliyetoka kukanda unga. Anafanyaje? Anachukua mafuta, anajipaka juu ya ngozi kavu, anang'aa saa moja, saa ya pili amerudi palepale. Anaongeza mafuta. Anabadilisha aina ya mafuta. Anamlaumu muuza duka. Kumbe anahangaika kufunika chungu ambacho ndani hakina maji.

Niwaambie kwa nini kiangazi cha hapa kwetu ni kikali hivi. Tuko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mbali na bahari yenyewe. Wenzetu wa Kigoma angalau wana ziwa mlangoni. Sisi mvua ikikatika mwezi wa nne au wa tano, hewa inabaki na kiu mpaka Novemba, na kitu chenye kiu hunywa popote kinapopata. Mwenye mlango wa mninga nyumbani analijua hili hata kama hajawahi kulifikiria: masika mlango unakwama, unausukuma kwa bega, kiangazi huohuo unachezacheza kwenye fremu na panya anapita. Mbao imenyonya maji, mbao imenyonywa maji. Ngozi ya juu ya mwili wako inafanyiwa vivyo hivyo.

Ile ngozi ya juu kabisa ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari. Imepangwa kama ukuta wa matofali: matofali ni chembe zilizokwisha kufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya asili ya mwili, na kubwa katika hayo ni yale yanayoitwa seramidi. Ndani ya matofali mna vitu vidogo vidogo vinavyoshika maji, vingine vimetokana na protini, vingine ni chumvichumvi, na mmoja ni urea, tutaurudia. Ukuta ukiwa mzima, maji ya ndani yanatoka polepole sana. Udongo ukimomonyoka, maji yanapita katikati, ngozi inakakamaa, inakuwa na magamba, inawasha, mwisho inapasuka. Na kinachomomonyoa udongo ule mara nyingi si hewa peke yake. Ni sabuni. Nitawaudhi baadaye kidogo kuhusu sabuni.

Naomba kwanza nimseme baba yangu.

Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome aliitundika msituni, upande wa Sikonge, na akirudi kutoka kurina alikuwa na ndoo za asali, vipande vya nta, na visigino vyenye nyufa ambazo ungeweza kuingiza sarafu ikasimama. Usiku mama aliyeyusha nta kwenye kifuniko cha kopo. Baba anakaa kwenye kigoda, anauma meno, nta ya moto inadondoshwa ndani ya ufa. Ssss! Anashukuru. Siku mbili, tatu, nta inabanduka, ufa uko palepale, na safari hii una damu. Sisi watoto tuliamini ndivyo miguu ya mtu mzima inavyotakiwa kuwa.

Nilikuja kumwelewa baba nikiwa Moshi, nilipokwenda kusomea magonjwa ya ngozi pale KCMC, hospitali kubwa ya rufaa. Mwalimu anaeleza vitu vinavyovuta maji na vitu vinavyoziba maji yasitoke, wenzangu wanaandika, mimi nawaza mzinga. Warina asali mliopo hapa, nisahihisheni nikikosea. Nyuki analeta maji matamu ya maua, anayatia kwenye vitundu vya sega, wanayapigia mbawa usiku na mchana hadi maji yapungue. Asali inapobaki na maji chini ya asilimia 20 hivi, wanafanya nini? Wanaziba kila kitundu kwa nta. Kwa nini wahangaike? Kwa sababu asali ina tabia ya kunyonya maji. Iache wazi wakati wa masika, itanyonya unyevu wa hewani mpaka ichachuke. Ndiyo maana mrina mzoefu haondoki na sega ambalo halijazibwa.

Basi nyuki ana vitu viwili, kinachoshika maji na kinachoziba. Baba yangu, mtu aliyeishi na nyuki miaka arobaini, alichukua kimoja akaacha kingine. Aliziba ufa mkavu.

Tuanze na vya kushika maji, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa zenu zinapopotelea.

Cha kwanza na cha maana kuliko vyote ni glisirini. Ile chupa ndogo ya duka la dawa, nzito, tamu ukiilamba (najua mmeshailamba). Haifiki bei ya nusu kilo ya nyama. Glisirini imo ndani ya kila mafuta ya mimea na kila samli, imefungwa humo. Mwaka 1779 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndiye aliyeitoa kwa mara ya kwanza, kutoka kwenye mafuta ya zeituni. Lakini hata mama wa Kigoma anayechemsha mawese na kostiki apate sabuni, bila kumsikia Scheele, anaitoa: mafuta yanapogeuka sabuni, glisirini inafunguliwa. Kwenye sabuni ya mkono inabaki humohumo. Viwanda vikubwa huichuja, vikaiuza peke yake. Kwa hiyo wakati mwingine mtu anauziwa sabuni iliyonyang'anywa glisirini, halafu anauziwa glisirini. Biashara hiyo jamani.

Inafanyaje kazi? Inavuta maji na kuyashikilia, kama asali. Hapo ndipo penye mtego, na mtego huu unanasa watu wengi mwezi huu wa Agosti kuliko mwezi mwingine. Glisirini huvuta maji kutoka yaliko. Masika, hewani kuna unyevu, itavuta hapo. Sasa hivi hewani kuna nini? Vumbi. Ukijipaka glisirini tupu, nzito, kwenye ngozi kavu, itageukia chini, itavuta maji ya ngozi yako mwenyewe, iyapandishe juu, na hewa iyachukue. Alikuja kwangu binti mmoja, uso umekaza, midomo imepasuka, analia kwamba glisirini imemkataa. Haikumkataa. Alikuwa akipaka tupu, asubuhi na jioni, na alikuwa ameichanganya na limao ili "ing'arishe". Limao nalo likamwachia mabaka meusi, maana maji ya limao kwenye ngozi yakikutana na jua huunguza. Limao ni la kachumbari. Tafadhali.

Glisirini itumike hivi. Ukitoka kuoga, bado una maji mwilini, weka matone machache kiganjani, sugua viganja, pitisha mwilini kukiwa na maji yaleyale. Imeshapata cha kunywa, haitahitaji kukunyonya wewe. Anayetaka kuichanganya kabla, kijiko kimoja cha glisirini kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Changanya kidogo, cha siku mbili tatu, usijaze chupa ya lita ukaiweka dirishani mwezi mzima. Haina dawa ya kuzuia isioze, maji yataota vitu. Wengine mnapenda kuweka maji ya waridi badala ya maji ya kawaida. Sina ugomvi, yananukia vizuri, ila ngozi yenye mipasuko au mtoto mwenye pumu ya ngozi asipakwe kitu chenye manukato.

Cha pili, urea. Naona wakulima wa tumbaku mmetazamana. Ndiyo, ni ileile. Kwa maana ya kikemia urea ya kwenye krimu na urea ya kwenye mfuko wa kilo 50 ni kitu kimoja, na kimo pia kwenye mkojo, na kimo kwenye ngozi yako sasa hivi kikishika maji. Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828, watu wakashangaa kwamba kitu cha mwilini kimepikwa kwenye chupa. Lakini nasema mbele ya mwenyekiti na mashahidi wote: asiende mtu akachota mbolea akajipaka. Ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, na kipimo ndicho kila kitu. Krimu yenye urea asilimia 5 hadi 10 inashika maji, ni ya mikono na miguu iliyopauka sana. Ikifika asilimia 20 na kuendelea inaanza kumega ngozi ngumu, hiyo ni ya visigino. Asilimia 40 hutumika kulainisha hata kucha. Ukipaka ya visigino usoni utanikumbuka. Na ngozi iliyochanika urea inachoma kama chumvi, kwa hiyo ufa ulio wazi upone kwanza. Watoto wachanga, hapana.

Kuna hii inayosifiwa sana siku hizi kwenye simu, asidi ya hialuroniki. Vijana wananiletea vichupa vya kudondoshea, wamelipia pesa ya gunia la mahindi. Ni kitu cha kweli, miili yetu inacho, mwaka 1934 kilipatikana kwanza ndani ya jicho la ng'ombe. Kinashika maji. Lakini chembe zake zile kubwa hazizami, zinakaa juu, na kiangazi cha Tabora kikiipata peke yake juu ya uso mkavu kitaikausha iwe kama gundi. Mwenye nayo aiweke kwenye uso uliolowa na aifunike. Asiye nayo asikope kikundini kwa ajili hiyo. Glisirini inatosha.

Mshubiri unaburudisha, haudumu. Asali yenyewe? Nilijua mtauliza. Inashika maji kweli, na hospitali hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwenye vidonda. Kujipaka mwili mzima, sisi wa mkoa huu wenye nyuki na siafu, mtajua wenyewe.

Na kabla sijasahau, kuna aliyeniambia pale nilipofika kwamba anakunywa lita nne za maji kwa siku ili ngozi ilainike. Mama, kunywa maji, figo zitakushukuru. Lakini kama hukuwa na upungufu wa maji mwilini, yale ya ziada hayapandi mpaka kwenye visigino. Yanakwenda chooni.

Sasa kuziba.

Mfalme wa kuziba ni mafuta ya mgando. Yale ya kopo, yasiyo na rangi wala harufu, ambayo watu wanayadharau kwa sababu bibi alikuwa nayo. Historia yake inanifurahisha. Wachimba mafuta wa Pennsylvania walikuwa wakijipaka mabaki yaliyoganda kwenye vyuma vya visima pale walipojikata au kuungua. Robert Chesebrough, mkemia wa New York, akayaona, akayasafisha, mwaka 1872 akapata hataza, akayaita Vaseline. Mpaka leo watafiti wakitaka kupima kitu kinachoziba ngozi wanakilinganisha na hayo, maana huzuia karibu maji yote yasitoke, kama asilimia 98 hivi, wakati mafuta mengine mengi huzuia asilimia 20 au 30 tu. Yananata, yanavuta vumbi, yanachafua shuka, hayo yote ni kweli. Ndiyo maana nawaambia mpake kidogo sana, na usiku zaidi ya mchana.

Nta inaziba, na mama zetu wanaoyeyusha nta na mafuta ya alizeti kwenye sufuria ya maji ya moto, kikombe ndani ya sufuria, wanapata kitu kizuri cha midomo na visigino. Nta sehemu moja, mafuta sehemu tatu au nne. Ikiganda ngumu mno ongeza mafuta. Nta ya Tabora inasafirishwa mpaka nje ya nchi ikatiwe kwenye vipodozi, halafu inaturudia kwenye kikopo chenye picha ya ua. Kikundi hiki kingelifikiria hilo, lakini si mada yangu, mweka hazina ananitazama vibaya.

Mafuta ya alizeti yenyewe ni rafiki wa ngozi. Singida wako hapo jirani, yanatufikia mabichi. Yana aina ya mafuta ambayo ngozi huitumia kurudishia ule udongo wa katikati ya matofali. Bangladesh walijaribu kuwapaka watoto njiti mafuta ya alizeti, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: maambukizi ya damu yalipungua, kwa sababu ukuta wa ngozi yao ulisimama. Mafuta ya zeituni, pamoja na heshima yake yote misikitini na makanisani, kwa ngozi kavu si mazuri hivyo, yanaweza kulegeza ukuta badala ya kuujenga. Ya nazi ni mazuri. Ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kutoka Kigoma yanaziba vizuri, harufu mtavumiliana ndani ya nyumba.

Nimeahidi kuwaudhi kuhusu sabuni. Sabuni ya mche ni ya nguo. Sabuni ya unga ni ya nguo. Nawajua mnaoogea zote mbili, na nawajua mnaowaogeshea watoto. Ngozi ina uchachu kidogo, na uchachu huo ni sehemu ya kinga yake. Sabuni ya kawaida iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi. Inaondoa jasho na uchafu, halafu inaendelea, inachukua na mafuta ya kwenye ukuta. Mtu anasugua na dodoki mpaka asikie ngozi "inalia" kwi kwi, anasema sasa nimetakata. Hicho kilio ni cha kweli.

Kwa ngozi kavu sana, sabuni ipite kwapani, sehemu za siri kwa nje, nyayo, na penye uchafu unaoonekana. Migongo, miundi na mikono kiangazi hiki vinatosheka na maji. Maji yawe vuguvugu. Najua asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na ndoo ya maji ya moto inaita, lakini maji ya moto sana yanayeyusha mafuta ya ngozi kama yanavyoyeyusha ya sufuria. Dakika tano hadi kumi. Dodoki mlipumzishe. Kisha usijifute kama unayefuta meza; bonyeza kanga mwilini inywe yale yanayotiririka, acha unyevu. Na sasa haraka, kabla hujatoka bafuni, kabla hujajibu simu, ndani ya dakika tatu: glisirini, halafu mafuta juu yake. Asali na nta. Mwenye losheni nzuri yenye vyote viwili ndani apake hiyo peke yake kwenye mwili ulioloana, imetosha. Kwenye chupa viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo ukikuta maji, glisirini na mafuta vinaongoza orodha, na manukato yako mkiani au hayapo, umepata. Bei isikutishe wala isikuvutie.

Visigino vina ratiba yao. Jioni, beseni la maji vuguvugu, robo saa. Jiwe la kusugulia lipite taratibu, upande mmoja, usichimbe, na wembe usiingie hapo kabisa. Miguu ikiwa bado na unyevu, krimu ya urea kama unayo, kama huna glisirini, juu yake mafuta ya mgando, halafu soksi za pamba, ulale nazo. Mume akicheka mpe na yeye jozi. Baada ya wiki mbili hivi utaona. Na kandambili ziwe za bafuni; kisigino kinachoning'inia nje ya ndala siku nzima kwenye vumbi la Agosti hakiponi.

Mbinu hii ya kuloweka na kupaka si ya juzi. Kule Sikonge, ambako Wamoravian walihudumia wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi, na popote ukoma unapotibiwa, mgonjwa ambaye neva za miguu zimekufa hufundishwa hivyo: jasho halitoki tena, ngozi inakauka, inapasuka bila maumivu, vijidudu vinaingia, vidole vinapotea. Kila siku anatakiwa aloweke, asugue, apake angalau mafuta ya kupikia. Watu waliotengwa na jamii walilijua somo hili kabla yetu sisi tunaoangalia matangazo.

Mwenye kisukari asikilize tofauti. Yeye asiloweke muda mrefu, na maji mtu mwingine ayapime kwa kiwiko, maana mguu wake unaweza usihisi moto. Apake juu na chini ya mguu, si katikati ya vidole, huko pakauke. Na kila jioni aangalie nyayo zake kwa kioo. Ufa mdogo kwake si urembo ulioharibika, ni mlango.

Mkorogo sitausema sana kwa sababu mmeshausikia mpaka umechosha. Nasema hili moja tu. Anayejichubua anaubomoa ukuta wenyewe, na wengi wanaonijia na "ngozi kavu isiyosikia dawa" wana kopo la krimu kwenye mkoba ambalo hawataki nilione. Zebaki, haidrokwinoni, na zile dawa kali za hospitali zinazochanganywa humo kinyemela, zinaifanya ngozi kuwa nyembamba kama ya kitunguu. Tangu mwaka 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na vyenye sumu hizo vimepigwa marufuku, lakini soko lina mlango wa nyuma. Ukija kwangu njoo na hilo kopo. Sitakusema kwa mtu.

Na si kila ukavu ni wa kiangazi. Kama nyumba nzima mnajikuna usiku, katikati ya vidole na kiunoni, huo ni upele, una dawa yake, mafuta hayatauondoa. Ngozi ikiwa kavu pamoja na uchovu, kuongezeka uzito na kuhisi baridi wakati wenzako wanatoka jasho, ukapimwe tezi ya shingoni. Mwasho wa mwili mzima usio na kipele hata kimoja, usioisha, nenda wakaangalie figo na ini. Mtoto anayejikuna mikunjo ya viwiko na magoti hadi anatoa majimaji ana pumu ya ngozi. Maji na mafuta ni nusu ya tiba, nusu nyingine ataandikiwa, na msiiogope kwa sababu ya hadithi za mtaani, mfuate tu kipimo.

Baba bado yupo. Nta ameiacha. Amekubali beseni, kwa masharti: awekewe kigoda chake barazani, redio iwe karibu, na asiulizwe maswali mpaka taarifa ya habari iishe. Soksi amekataa kata kata. Anasema hajawahi kuona nyuki aliyevaa soksi. Nimemwachia.

Haya, maswali nitayachukua mmoja mmoja pale kwenye mkeka, na mwenye aibu ya kuvua viatu mbele za watu tutakwenda nyuma ya nyumba. Mama wa kitenge cha njano, chupa zangu. Hiyo michembe iliyolowa mtu aichukue akaipike leoleo, kesho itakuwa imechacha. Ile ya kwenye mafuta itoeni tu, lakini mafuta yenyewe mnirudishie. Alizeti imepanda bei.